Bushi za Difu na Kelele Zitokazo Chini ya Gari: Mambo Ambayo Mlaji Apaswa Kuyajua Kabla ya Kulipa

Kauli ya kwamba "difu imekufa" ni miongoni mwa kauli ghali zaidi ambazo mwenye gari aweza kuambiwa gerejini. Baada yake hufuata bei ya difu nzima ya mtumba, ujira wa kuifunga na oili mpya. Hutokea mwenye gari akalipa vyote hivyo, akaondoka, na kabla hajafika nyumbani akausikia mlio ule ule uliompeleka kwa fundi. Kumbe difu yake ilikuwa nzima, na kilichokuwa kimechoka ni bushi inayoishikilia: kipande cha mpira na chuma ambacho mara nyingi hakizidi ukubwa wa ngumi.

Tunalieleza suala hili tukiwalenga hasa wakazi wa Nzuguni na kata jirani za Jiji la Dodoma. Nzuguni ndiko viliko viwanja vya maonesho ya Nanenane, na upande huo wa jiji umejengeka kwa kasi tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 azma ya kuhamia Dodoma. Barabara kuu iendayo Dar es Salaam ni ya lami. Anayeiacha na kuingia mitaani hukutana na changarawe, vumbi jingi wakati wa kiangazi, na mifereji iliyochimbwa na mvua za kuanzia Desemba hadi Aprili. Gari lipitalo huko kila siku asubuhi na jioni, likipanda na kushuka matuta, huzichosha bushi zake mapema kuliko gari la mtu asiyeondoka kwenye lami.

Difu ni mkusanyiko wa gia unaopokea nguvu ya injini kutoka kwenye shafti ya propela na kuigawa kwa magurudumu mawili, huku ukiyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Katika magari mengi yenye springi huru kila gurudumu la nyuma, kama Toyota RAV4 ya magurudumu manne, Subaru Forester au Toyota Mark X, difu haikukazwa moja kwa moja kwenye bodi. Hufungwa kwenye fremu ndogo ya chuma kwa boliti zinazopita katikati ya bushi za mpira. Mwenye Hiace au Hilux hana haja ya kutafuta bushi za difu ya nyuma, kwa kuwa difu ya magari hayo imo ndani ya ekseli yenyewe. Mwenye Vitz au IST inayosukuma kwa magurudumu ya mbele hana difu ya nyuma kabisa. Ukiwa na gari la namna hiyo na ukauziwa bushi za difu ya nyuma, umeuziwa kitu ambacho gari lako halina mahali pa kukiweka.

Kazi ya bushi ni mbili, na kazi hizo huvutana. Ya kwanza ni kuizuia difu isijipinde unapokanyaga mafuta, kwa sababu nguvu inayoyasukuma magurudumu mbele huisukuma difu yenyewe kinyume chake. Ya pili ni kuzuia mtikisiko wa gia usifike kwenye bodi. Bushi ngumu huifanya vizuri kazi ya kwanza na vibaya ile ya pili. Bushi laini huwa kinyume chake. Mtengenezaji wa gari alichagua mahali pa katikati, na kila mabadiliko unayoyafanya huongeza upande mmoja kwa kupunguza mwingine.

Ili msomaji aone ukubwa wa jambo hili, tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, lenye tairi ambazo mzingo wake ni takribani mita 2.1, huzungusha kila gurudumu karibu mara 10.6 kwa sekunde. Ikiwa uwiano wa difu ni 4.1, shafti ya propela huzunguka takribani mara 43 kwa sekunde. Na ikiwa gia ndogo ya difu ina meno 10, basi meno hukutana zaidi ya mara 430 katika kila sekunde. Huo ni mtikisiko ulio katikati kabisa ya sauti ambazo sikio la binadamu husikia vizuri. Upo katika kila difu, hata iliyotoka kiwandani leo. Husikii kwa sababu mpira umeumeza.

Mpira huzeeka kwa miaka, joto na oili, si kwa kilomita peke yake. Ndiyo maana gari la mtumba kutoka Japani lenye miaka kumi na tano, hata kama kipimo chake kinaonesha kilomita chache, laweza kufika Dodoma likiwa na bushi za tangu kiwandani zilizokwisha kupasuka. Bushi iliyochanika huiruhusu difu ichezecheze. Pembe ya shafti ya propela hubadilika, viungo vyake huanza kulika, na mwenye gari aliyekawia hujikuta akinunua vitu vitatu badala ya kimoja.

Kabla ya kwenda kwa fundi, jifunze kuueleza mlio. Neno "gari linalia" halimsaidii yeyote. Mgongo mzito wa mara moja, "du!", unaosikika unapotia gia ya kwenda au ya kurudi nyuma, au unapoachia mafuta na kukanyaga tena, huashiria uchezaji: bushi ya difu, krosi ya shafti ya propela, au mauntini ya injini au ya gia boksi. Mvumo mrefu kama wa nyuki, unaopanda na kushuka pamoja na mwendo na kubadilika unapokanyaga au kuachia mafuta, huelekeza kwenye gia za difu. Ukibadilika unapokata kona, yaani gari linapoegemea upande mmoja, shuku beringi ya gurudumu. Ukibadilika unapotoka kwenye lami ya namna moja kwenda nyingine, chanzo kinaweza kuwa tairi tu. Mlio wa "ka-ka-ka" unapopinda usukani hadi mwisho ni wa viungo vya shafti za magurudumu. Mtetemo unaotokea kwenye mwendo fulani tu, tuseme kati ya 80 na 100, kisha ukapotea, mara nyingi ni wa tairi zisizowekwa sawa uzani au wa shafti ya propela.

Kwa hiyo, andika: unasikika lini, katika mwendo gani, ukikanyaga au ukiachia, gari likiwa la baridi au limeshapata moto. Mpe fundi maelezo hayo, kisha mwombe mwende pamoja barabarani. Fundi anayetoa hukumu bila kuliendesha gari wala kulitazama chini yake, tunashauri umshukuru na uende kwingine.

Ukaguzi wenyewe si wa gharama kubwa. Gari hupandishwa kwenye shimo au kwenye stendi imara (kamwe asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee), na fundi huisukuma difu kwa mtaimbo akiangalia bushi. Mpira kusogea kidogo ni jambo la kawaida. Mwanya unaofunguka kati ya mpira na chuma, nyufa zinazozunguka, au dalili za chuma kugonga chuma, si kawaida. Omba uoneshwe kwa macho yako na upige picha kwa simu. Kisha oili ya difu ikaguliwe. Ungaunga laini wa chuma kwenye sumaku ya nati ya kumwagia hutazamiwa. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya, na hapo ndipo mazungumzo ya kubadilisha difu yanapopata msingi. Jambo dogo ambalo huokoa siku nzima: nati ya kujazia ifunguliwe kwanza kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma kufunguka, oili ya zamani bado imo na gari litaondoka salama.

Sasa tuje kwenye suala la kuboresha. Muuzaji wa spea aweza kukupa chaguo la bushi za poliyuretini, ambazo mara nyingi huwa na rangi nyekundu, njano au bluu, akikuambia kwamba ni imara na hazifi upesi. Sehemu ya maneno hayo ni kweli. Ugumu wa mpira wa bushi za kawaida huwa takribani kati ya 50 na 70 katika kipimo cha Shore A, ilhali poliyuretini nyingi za magari huanzia 70 hadi 95. Difu hutulia, gari huitikia upesi unapokanyaga mafuta, na nyenzo hiyo huvumilia oili kuliko mpira wa kawaida. Ambalo pengine hataliambia ni kwamba ule mvumo wa meno tuliouhesabu sasa una njia ya kufika kwenye viti. Mteja hurudi baada ya siku mbili akidai difu imeharibika, na katika mazingira hayo ndipo difu nzima isiyo na kosa huweza kutolewa na nyingine ikafungwa, ambayo nayo italia vile vile.

Maoni yetu hayana kona. Kwa gari la familia linalotoka Nzuguni kwenda mjini na kurudi, bushi mpya ya mpira inayolingana na ile ya kiwandani ndiyo ununuzi wa busara. Poliyuretini inamfaa anayeshindana kwenye mbio za magari, au mwenye injini iliyoongezewa nguvu ambayo huchana bushi za mpira mara kwa mara, na ambaye amekubali kelele. Bushi za alumini tupu hazina nafasi katika gari la barabarani. Zipo pia bushi zinazochongwa mtaani kutokana na tairi kuukuu. Tunaufahamu unafuu wake, na tunafahamu kwamba yapo magari yanayotembea nazo. Lakini mpira wa tairi haukutengenezwa kwa kazi hiyo wala haukugandamanishwa na chuma chake, na hulegea upesi.

Usichanganye pia. Ukiweka poliyuretini upande mmoja na kuacha mpira uliochoka upande mwingine, mzigo wote wa kujipinda huhamia kwenye ule uliochoka. Badilisha zote kwa pamoja.

Ufungaji ndio mahali ambapo fedha nyingi hupotea bila mlaji kujua. Bushi ya zamani hutolewa kwa mashine ya presi. Asiye na presi huichoma mpira wake kwa moto, moshi ukitanda, huku tangi la petroli likiwa hatua chache tu kutoka hapo. Uliza mapema itatolewaje, na ukiambiwa moto, kataa, isipokuwa fremu imeshushwa kutoka kwenye gari na kazi inafanyika mbali. Bushi nyingi za mpira zina matundu au alama zinazoonesha upande wa kuelekea; ikigeuzwa, ugumu wake huelekezwa pasipostahili na mlio hubaki. Poliyuretini huhitaji grisi ya silikoni inayouzwa pamoja nayo, la sivyo itapiga mluzi kwenye kila tuta. Boliti zikazwe kwa spana ya kipimo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Kuhusu haki zako. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kumwambia mtu kwamba difu yake imekufa hali ukijua ni bushi, au kumuuzia spea bandia kwa jina la halisi, ni upotoshaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inatambua kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa kazi iliyoelezwa kwa muuzaji inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo mwambie muuzaji waziwazi, na ikiwezekana kwa ujumbe wa simu ambao utabaki: "Nahitaji bushi za difu ya nyuma ya gari la aina hii, mwaka huu, namba hii ya chesisi, na sitaki kelele ziongezeke." Maneno hayo machache yana uzito mkubwa baadaye.

Dai risiti ya EFD kwa spea, na maandishi ya fundi kwa kazi: alichokagua, alichokikuta, alichobadilisha, na muda ambao ataibeba dhamana ya kazi yake. Chukua vipuri vyako vya zamani. Ni mali yako, na bushi iliyochanika ni ushahidi usiobishana na mtu. Difu iliyotolewa ikiwa bado inazunguka bila mikwaruzo ni ushahidi mzito zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutokubali ibaki gerejini bila makubaliano ya bei.

Ikiwa mlio umebaki baada ya kazi, rudi kwanza kwa fundi yule yule ukiwa na yale maandishi uliyoyafanya kabla ya matengenezo, na mwendeshe gari pamoja katika mwendo ule ule na barabara ile ile. Mkishindwa kuelewana, tafuta fundi wa pili akague na kuandika maoni yake kabla hajafungua kitu chochote, maana kikishafunguliwa, kila mmoja atamsingizia mwenzake. Malalamiko juu ya upotoshaji na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani. Yale ya ubora wa spea usiofikia viwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Uende na risiti, picha, maandishi ya mafundi wote wawili, na bushi yenyewe ndani ya mfuko.