Wapangaji Wenye Kwato

Mwenye shamba katika kaunti ya Narok, nchini Kenya, hubishiwa hodi na wateja wa aina tatu: mkulima wa ngano, mnunuzi wa viwanja na mwenye kambi ya watalii. Huyu wa tatu ana masharti ya ajabu kidogo. Anataka mwenyeji asilime, asijenge wala asitie waya, naye atamlipa kodi kwa kila ekari, watalii waje wasije.

Biashara hii ilishika kasi ranchi za pamoja kama Koiyaki zilipogawanywa na familia kukabidhiwa hatimiliki. Hifadhi ya Ol Kinyei ilianza mwaka 2005, Olare Orok ikafuata 2006, kisha Mara North na Naboisho, ambako wamiliki zaidi ya 500 waliunganisha vipande vyao, vikafika kama ekari 50,000. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikazipa hifadhi hizi msingi wa kisheria.

Haja ilikuwapo. Wanyamapori wengi wa Kenya, takriban thuluthi mbili, huishi nje ya mbuga za taifa, kwenye malisho ya watu. Ngano ilipotanda katika nyanda za Loita, nyumbu wanaozaliana huko walipungua kutoka zaidi ya laki moja mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya robo ya idadi hiyo miaka ishirini baadaye. Mmoja wa waliofuatilia anguko hilo ni Wilber Ottichilo, ambaye baadaye alichaguliwa gavana wa Vihiga.

Hesabu ya kambi ni vitanda vichache kwa bei kubwa. Hifadhi ya Olare Motorogi, kwa mfano, huruhusu hema moja kwa kila ekari 700. Udhaifu wake ulionekana 2020, ndege zilipoacha kuleta wageni. Kodi ikapunguzwa, na mfugaji aliyezoea kupokea fedha benki akarudi mnadani kuuza mbuzi.

Faida isiyoandikwa kwenye risiti ni nyasi. Ng'ombe huingizwa kwa zamu, sehemu moja ikilishwa nyingine ikipumzishwa. Ardhi iliyofunikwa hunywa mvua badala ya kuiachia itiririke na udongo, na kiangazi kikikaza akiba ipo. Zamu hizo ndizo chanzo cha ugomvi pia: jirani asiye na kipande hapati kodi, na malisho aliyoyazoea yamefungwa. Wanawake nao, kwa kuwa hati nyingi zina majina ya wanaume, husubiri kugawiwa.

Tanzania kuna mkataba mwepesi zaidi. Tangu 2005 kampuni za utalii zimekuwa zikilipa kijiji cha Terrat, Simanjiro, ili nyanda wanakozalia nyumbu wa Tarangire zisilimwe. Mifugo inaendelea kulisha humo humo. Kwa mfugaji, mpango huo una mvuto kuliko kodi nono inayomtoa ng'ombe malishoni, na hata wafugaji wa Narok wangeweza kuudai mikataba yao inapofika kuhuishwa.