Ubavu Usioonekana

Mfano mdogo wa Enterprise, chombo cha anga cha tamthilia ya Star Trek, huweza kutengenezwa kwa kuingiza aloi ya zinki iliyoyeyuka kwenye kalibu. Ukiugeuza kiganjani, pande zote zimekamilika. Ule uliopigwa picha miaka ya 1960, wa mita 3.4 na wa mbao kwa sehemu kubwa, haukukamilika: nyaya za taa zilipitia ubavu wa kushoto, kamera ikabaki kulia, na mafundi hawakujisumbua kuurembesha ubavu huo wa kushoto. Atakayesema mdogo ndio sahihi zaidi ana hoja, kwani hauna pengo. Lakini huo ni usahihi wa kabatini. Ubavu mtupu wa ule mkubwa, uliohifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington, unaonyesha jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika, na hilo kalibu haiwezi kulinakili.