Sayansi kwa vitendo ndani ya dakika 40

Mzazi anayepita jirani na shule na kuwaona wanafunzi wameizunguka chupa ya maji iliyokatwa huweza kudhani kwamba watoto wanacheza saa za masomo. La hasha. Hicho huwa ni kipindi cha Sayansi, na pengine cha Hisabati pia.

Ratiba ya shule za msingi imejaa. Kuanzia Darasa la III, kipindi kimoja ni dakika 40, na masomo ni mengi. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unamtaka mwanafunzi atende, si akariri tu. Mtaala huohuo umepunguza elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Hivyo walioingia Darasa la III mwaka huo watahitimu mwaka 2027, sambamba na waliowatangulia kwa darasa moja.

Kwa hali hiyo, vitendo haviwezi kusubiri kipindi cha ziada. Sharti viunganishwe na vilivyopo. Chupa iliyokatwa, mdomo wake ukageuzwa kuwa faneli na rula ikafungwa ubavuni, ni kipimamvua. Kusoma kipimo wakati wa mstarini huchukua dakika chache. Takwimu za wiki hutumika kutafuta wastani katika Hisabati, kueleza msimu wa kilimo katika Jiografia na kuandika taarifa katika Kiswahili.

Mfano mwingine umo mkononi mwa kila mtoto. Penseli, ambayo wazee huiita kalamu ya risasi, haina risasi: ndani yake mna kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na kinywe ni madini yaliyomo katika ardhi ya Ruangwa. Inasikitisha kidogo mtoto wa huku kuhitimu bila kuambiwa hivyo. Penseli fupi iliyochongwa ncha zote mbili, betri mbili au tatu za tochi, nyaya na balbu ndogo vyatosha kuonesha kwamba kinywe hupitisha umeme, hata kama mwanga utakuwa hafifu. Jaribio hilo lifanywe kwa betri za tochi pekee, kamwe si kwa umeme wa nyumbani.

Vikundi vikipangwa na vifaa vikiandaliwa siku iliyotangulia, nusu ya kipindi hutosha. Linaloharibu mpango huu ni utoro wa msimu wa korosho: mtoto aliyebakizwa shambani siku ya zamu yake huacha pengo katika jedwali la mvua la darasa zima.

Wazazi wenye chupa tupu, tochi mbovu au vipande vya nyaya wanaombwa kuvifikisha kwa mwalimu mkuu au kwa Kamati ya Shule.