Juu ya nini rangi ya madoadoa inabanduka kwenye plastiki ya pikipiki

Kijana analipa fundi, pikipiki yake inapigwa madoadoa kama nguo ya askari, na siku tatu inapendeza kweli. Kisha anaiosha, na rangi inatoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Fundi anasema rangi ilikuwa mbaya. Mara nyingi rangi haina kosa. Kosa ni ya matayarisho.

Plastiki si kitu kimoja. Geuza kipande, tazama nyuma, kiwanda kinaandika pale herufi ndogo. Ukikuta ABS, una bahati, hiyo inapokea rangi vizuri. Ukikuta PP, yaani polipropileni, ile inayopindika bila kuvunjika, rangi haipati pa kushika. Ni ndugu ya plastiki ya bido: dondosha maji juu yake, yanajikusanya kama shanga, hayatandai. Rangi nayo inafanya vile vile. Viwandani wanapitisha ndimi za moto haraka sana juu ya PP ili ikubali rangi. Usijaribu na kiberiti nyumbani, utapindisha kipande.

Wawindaji wa Ulaya na Marekani wanaopaka madoadoa kwenye vitako vya plastiki vya bunduki zao wanakuta shida hiyo hiyo, na dawa ni moja. Kwanza osha na sabuni, kausha, pangusa na alkoli, maana mafuta ya mikono tu yanatosha kuharibu kazi. Usitumie asetoni kwenye ABS, inaiyeyusha. Kisha sugua na karatasi ya emeri namba 400 ao 600 mpaka mng'ao uishe, na upanguse tena. Halafu apre ya plastiki, si apre ya chuma. Hapa njo watu wengi wanapunguza bei, na hapa njo pesa yao inapotea.

Rangi yenyewe inaanza na ile nyeupe-nyeupe, kisha za giza juu, tabaka nyembamba, kila moja ikauke. Kwa madoadoa, weka majani ya kweli ao wavu juu ya kipande, na upulize. Maliza na vernisi isiyong'aa. Vumbi nyekundu ya Lubumbashi kwenye kiangazi inaingia kwenye rangi mbichi, basi funga mlango na umwagie sakafu maji kidogo. Wakati wa mvua unyevu unafanya vernisi iwe na ukungu mweupe.

Ufundi huu wa kujificha ulipata kikosi chake cha kwanza katika jeshi la Ufaransa mwaka 1915, na waliouongoza walikuwa wachoraji. Wazo lao lilikuwa kuvunja umbo, si kupendeza. Kijani ya msitu haifichi kitu katika majani makavu ya Katanga mwezi wa saba!

Sasa neno la usalama. Sheria ya nchi yetu inakataza raia kuvaa uniforme ya kijeshi. Pikipiki si uniforme, lakini usiku, kwenye kizuizi, askari aliyechoka hatakaa kubishana na wewe juu ya tofauti hiyo. Kwenye majimbo ya vita, kumzania raia mpiganaji kunaweza kumaliza maisha yake. Kwa maoni yetu, ufundi uleule fanya na rangi nyingine: njano na nyeusi, buluu na nyeupe. Inaonekana mbali, na kwa motari wa usiku hiyo ni faida.

Fundi naye ajilinde. Vernisi ya kuchanganya na dawa ya kugandisha ina isosianati, inayoweza kuleta pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakizuii kitu. Inatakiwa maski inayoletewa hewa safi kwa mpira, na watoto wa mtaani wasisimame mlangoni kutazama.

Kazi ikiisha, ngojea wiki moja mbele ya kuosha. Kisha chora mistari midogo na wembe pahali pa kujificha, bandika skochi, vuta kwa nguvu. Rangi ikifuata skochi, rudisha kwa fundi kabla hujamaliza kumlipa.