Chaja ya kuzungusha kwa mkono: itajaza simu?

Msikilizaji wetu wa Rasbura, Lindi mjini, ameona chaja ya kuzungusha kwa mkono na anatuuliza kama itamfaa umeme ukikatika. Si swali la mzaha. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga. Siku kama zile simu ikizima hupati tahadhari, wala hujui hali ya ndugu zako.

Ndani ya chaja hiyo mna dainamo, kama ile ya taa ya baiskeli. Sumaku ikizunguka karibu na waya wa shaba uliosokotwa, umeme hutokea kwenye waya. Mwingereza Michael Faraday aliligundua jambo hilo mwaka 1831.

Shida ni kiasi. Dainamo ya baiskeli hutoa takriban wati 3. Kwa hiyo betri ya kitochi ya mAh 1,000 itakutaka upige pedali zaidi ya saa nzima, maana umeme mwingine hupotea njiani. Simu ya tachi ya mAh 5,000 inataka mara tano ya hapo, na mkono huchoka mapema kuliko miguu.

Mwaka 2012 Mkenya Anthony Mutua alionesha kifaa chembamba cha kuweka kwenye soli ya kiatu, kinachotoa umeme kila unapokanyaga. Wazo zuri, ila kwa kawaida umeme wa kukanyaga ni mdogo sana kuliko wa dainamo.

Redio ndiyo inayokubali umeme mdogo. Mwingereza Trevor Baylis alibuni redio ya kuzungusha ili watu wa Afrika wapate habari za UKIMWI bila kununua betri, ikaanza kutengenezwa Cape Town miaka ya 1990. Unazungusha muda mfupi, unasikiliza taarifa ya habari yote.

Basi ndugu yetu, ukiinunua chaja hiyo, dakika tano za kuzungusha zihesabu kuwa ni za meseji au simu moja fupi. Zima data kwanza. Na usiunganishe waya wa dainamo ya baiskeli moja kwa moja kwenye simu: umeme wake hupanda na kushuka kwa mwendo wako, utaiunguza. Mwambie fundi akufungie kwanza kifaa cha kuutuliza.