Siku za Kalamu na Siku za Kapu

Sogeeni karibu na redio, na mwenye kalamu aishike. Somo letu la leo lamhusu mtu atungaye kitabu, akalipa uchapaji kwa fedha zake, kisha akakiuza kwa mkono wake mwenyewe. Mtu huyo ana kazi mbili. Tutaeleza namna ya kuzifanya zote mbili, moja isiiue nyingine.

Huenda mmoja wenu atauliza: "Mambo ya vitabu yatufaa nini sisi wakulima?" Yatufaa. Wazee wetu Wanyaturu wana hadithi, vitendawili na habari za zamani, na nyingi hazijaandikwa. Ninyi mmekwisha jua kusoma na kuandika. Lakini atakaye kutoa kitabu ajue kwanza hesabu yake, maana fedha itakayotumika ni ile ile ya alizeti, vitunguu na kuku.

Haya, tufanye hesabu. Tuseme mtunzi anachapisha nakala 200, na kila nakala yamgharimu shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 600,000. Aziuza shilingi 5,000 kila moja. Je, auze ngapi ili arudishe fedha yake? Gawanya 600,000 kwa 5,000. Jibu ni nakala 120. Nakala 80 zilizobaki ndizo faida yake, yaani shilingi 400,000. Lakini akiuza nakala 50 tu, atapata shilingi 250,000. Nakala 150 zitabaki sandukuni zikingoja mchwa, na shilingi 350,000 za nyumba yake zitakuwa zimelala humo. Basi kuuza si jambo la kupuuzwa.

Wako watunzi waonao haya kuuza. Husema: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hiyo ni ya kweli kwa vitu vingi. Kitunguu mnunuzi hukibonyeza. Kuku humwinua akampima uzito kwa mkono. Kitabu je? Kitabu kimefungwa, na wema wake umo ndani. Kwa hiyo mtunzi akiwasomea watu ukurasa mmoja, hajitembezi bure. Anafungua mdomo wa gunia ili mnunuzi aone mbegu.

Lakini iko methali nyingine: "Mshika mbili, moja humponyoka." Mtunzi azungukaye na kapu la vitabu kila siku, mwaka mzima, hana saa ya kuandika. Wasomaji waliopenda kitabu cha kwanza watauliza cha pili, naye hana. Ni sawa na mkulima aliyehamia mnadani: mwaka ujao atauza nini?

Tuwatazame wenzetu waliotutangulia. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Aliingia kazi ya ukarani serikalini mwaka 1926, katika forodha, na baadaye akafanya kazi katika ofisi nyingine za serikali kwa miaka mingi. Hata hivyo alituachia vitabu zaidi ya 20. Kazi ya mchana haikuizima kalamu yake.

Wengine walichukua na kazi ya kutoa vitabu pia. Katika miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu nchini, na mtunzi aliweza kungoja muda mrefu kabla ya kitabu chake kutoka. Ben Mtobwa, mwandishi wa habari na wa riwaya, alianzisha Heko Publishers, Dar es Salaam. Humo vilitoka vitabu vyake mwenyewe, kama vile Dar es Salaam Usiku. Aliendelea kuitwa mtunzi mpaka alipofariki mwaka 2008. Elvis Musiba naye, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara, na baadhi ya vitabu vyake vilitoka kwa kampuni yake, Continental Publishers. Faida moja ya kuwa na kampuni ni hii: kazi ya kuuza hupata meza yake, daftari lake na watu wake, na kazi ya kutunga nayo hubaki na meza yake.

Sisi wa Unyambwa hatuna haja ya kuanza na kampuni. Tunao msimu. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, na huisha Aprili. Wakati huo watu wako shambani, na shilingi ni chache. Mtunzi akiuza vitabu mwezi Januari, atarudi nyumbani na kapu lile lile. Basi miezi hiyo iwe ya kalamu. Andika ukurasa mmoja kwa siku, siku tano za juma. Kwa mwezi wa majuma manne ni kurasa 20. Kwa miezi mitano ni kurasa 100. Hicho ni kitabu.

Baada ya mavuno fedha huonekana. Hapo chukua kapu. Tenga siku mbili za juma kwa kuuza, moja yao iwe siku ya mnada. Soma ukurasa mmoja mbele ya watu, kisha nyamaza uwaache waulize. Ukiacha nakala dukani mjini Singida, andika katika daftari: nakala ngapi, tarehe gani, na mwenye duka atie sahihi. Ukiwa na kijana mwaminifu, mpe auze, umlipe kwa kila nakala. Siku hizi simu nayo huuza, lakini pia hula saa. Wakati wa kalamu izimwe.

Mambo mawili zaidi. Kwanza, usichapishe nakala nyingi mara moja. Anza na chache, zikiisha uongeze. Pili, linda kazi yako. Sheria ya hakimiliki ni ya mwaka 1999, na kazi huandikishwa COSOTA.

MANENO YA KUJIFUNZA
Mswada: maandishi ya kitabu kabla hayajachapwa.
Nakala: kitabu kimoja kati ya vingi vilivyo sawa.
Mtaji: fedha ya kuanzia kazi.
Hakimiliki: haki ya mtunzi juu ya kazi yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Mtunzi amechapisha nakala 100 kwa shilingi 3,000 kila moja. Auza shilingi 5,000. Auze ngapi ili arudishe mtaji?
2. Katika kijiji chenu, ni miezi gani watu huwa na fedha ya kununua kitabu? Ni miezi gani hawana?
3. Ni hadithi gani ya wazee wenu ambayo haijaandikwa? Nani kati yenu ataanza ukurasa wa kwanza juma hili?

Majibu yenu yaandikeni katika madaftari, mwalimu ayaone.