Matabishi Yana Adabu Yake

Mgeni anayekuja Bunia, mji mkuu wa mkoa wa Ituri mashariki mwa Kongo, kufanya kazi katika shirika la misaada hupewa onyo na wenzake waliomtangulia: hapa kila mtu anaomba pesa, usijizoeze kutoa. Haupiti muda mrefu onyo hilo linageuka kuwa elimu yake yote kuhusu mji. Binti aliyemletea samaki mezani, motari wa pikipiki aliyemngoja kwenye mvua, karani aliyeikalia karatasi yake na askari aliyeshika kamba ya kizuizi, wote anawatia kapu moja, na kapu hilo analiita rushwa. Wenyeji wana haki ya kukasirika. Wanajua kwamba wawili wa kwanza na wawili wa mwisho hawafanani hata kidogo.

Matabishi, yaani bakshishi, hutolewa kazi ikishakwisha. Hilo ndilo la msingi, na mengine yanatokana nalo. Katika restora ndogo za karibu na Boulevard de Libération, saa za mchana, mhudumu huanza kwa kukumiminia maji mikononi, kisha huleta ugali wa muhogo, sombe (kisamvu) na samaki wa Ziwa Albert aliyepandishwa kutoka Kasenyi au Tchomia. Mteja hali huku akipiga hesabu ya asilimia. Akimaliza anaulizia bei, anatoa noti ya faranga elfu kumi kwa chakula cha elfu nane na mia tano, na binti akianza kutafuta chenji anamwambia: “Yenye kubakia, kamata ya sukre.” Sukre ni soda. Binti anapokea kwa mkono wa kuume, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, na kujibu, “Aksanti, papa.” Kama chenji ilikuwa faranga mia tano tu, neno ni lile lile na shukrani ni ile ile. Kama mteja hana kitu, anasema, “Siku ingine, mama,” na hakuna anayemnunia.

Tazama basi soda hiyo inafanya kazi gani. Mtoaji hasemi anamlipa mhudumu, wala mhudumu haombi mshahara. Ni kama wamekaa meza moja na mmoja amemnunulia mwenzake kinywaji. Ndiyo sababu kuiacha noti chini ya sahani na kuondoka kimya, jambo ambalo mgeni huliona la kistaarabu, hapa huwa na ubaridi fulani. Pesa imetoka, neno halikutoka.

Na noti yenyewe mara nyingi ni dola moja. Mgeni anadhani amefanya ukarimu, kumbe amemwachia binti kazi. Dola hutumika Bunia kila siku sambamba na faranga, lakini ile ya moja wafanyabiashara wengi huikataa, na yoyote iliyochanika hata kwa ukubwa wa ukucha haina mnunuzi. Kambisti, mbadili pesa wa barabarani, akikubali kuichukua, anaichukua kwa bei ya kumhurumia. Faranga elfu mbili zilizokunjwakunjwa zingemfaa zaidi binti yule.

Wageni pia hawaoni kwamba mkono wa kutoa uko pande zote mbili, wa mteja na wa muuzaji. Nenda sokoni, kwa mama anayeuza maharage kwa kopo. Analijaza, anapandisha kilele mpaka punje zinaanza kuporomoka, anamimina kwenye mfuko wa mnunuzi. Mnunuzi hafungi mfuko. Anauacha wazi, anaangalia pembeni, labda anaulizia habari za watoto. Mama anaguna, anachota ukofi mwingine na kuutupia mle. Hiyo ni nyongeza. Hapa anayetoa ni maskini mwenye meza ya mbao, na anayepokea ni mwenye pesa. Muuzaji asiye na nyongeza atauza, ila hatakuwa na wateja wake mwenyewe, wale wanaopita meza kumi za wenzake kumfuata yeye. Umesikia mtu akiita ukofi ule rushwa?

 

Wala hakuna kanuni moja ya dunia nzima ambayo mgeni anaweza kuwapimia watu wa Bunia. Nchini Ufaransa bei ya mgahawani huwa na malipo ya huduma ndani yake. Nchini Marekani mteja hutarajiwa kuongeza asilimia 15 hadi 20, kwa sababu sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, mradi bakshishi ifidie pengo. Anayetoka huko akaja kushangaa faranga mia tano za soda ana ujasiri.

Hata hivyo wenyeji nao wasijitetee kupita kiasi. Jina la matabishi limechafuliwa na watu wa nyumbani. Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba mishahara yao, na mzigo huo haukuondolewa rasmi kwenye shule za msingi hadi Septemba 2019, ingawa Katiba ya 2006 ilikuwa imeahidi elimu ya bure. Kizazi kizima kilikua kikijua kwamba mtumishi wa umma hulipwa na anayehudumiwa. Kutoka hapo hadi karani anayesema “ya sukre iko wapi?” kabla hajafungua faili ni hatua fupi, na kwenye vizuizi vya barabara ya kwenda Mahagi hatua hiyo imekwisha kupigwa zamani. Neno ni lile la restora, ila limekuja kabla ya kazi, na anayelisema ana muhuri au bunduki. Tangu hapo si matabishi tena, hata yakiombwa kwa tabasamu.

Uharibifu wa pili ni wa taratibu zaidi. Mwaka 2003, vita vya Ituri vilipoleta walinda amani wa Umoja wa Mataifa na kikosi cha Ulaya cha Artemis, mashirika ya misaada nayo yalimiminika mjini, na meza za wenye dola zikaongezeka. Wapo wenye restora waliojifunza hesabu mpya: mwajiri msichana kwa pesa kidogo, mwambie atajaziwa na wateja. Soda iliyokuwa heshima juu ya mshahara ikafanywa kuwa mshahara wenyewe, na binti aliyekuwa akisema “aksanti” kwa mia tano sasa analazimika kuitazama mifuko ya mteja. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa faranga 7,075 kwa siku, na kwa sheria ya kazi anayepaswa kukilipa ni mwenye restora, si mla samaki.